Nimalize filamu yangu kwa mkopo wa kikoba cha mama, au niuze hadithi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Kirumba, Mwanza. Mama yangu anaanika na kuuza dagaa pale Mwaloni tangu sijaanza shule, na dagaa hao ndio walionisomesha mimi na wadogo zangu wawili baada ya baba kufariki. Filamu sijaisomea popote. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kwenye studio ya picha mjini, kazi yangu kupokea wateja na kusafisha picha za pasipoti. Bosi alipoona nashika haraka akanikabidhi kamera, nikaanza kushuti sendofu, harusi, kipaimara, mpaka misiba. Jioni nilikuwa nabaki studio kwa sababu kuna intaneti, naangalia mafunzo YouTube: namna ya kupanga taa, namna ya kuunganisha picha za watu wawili wanaozungumza, namna ya kurekodi sauti penye upepo. Nilikuwa narudi nyumbani wenzangu wamelala.

Mwaka juzi mimi na wenzangu watano tulitengeneza filamu fupi ya dakika 12, inahusu mama ambaye mvua inamkuta dagaa wake wakiwa bado wabichi mchangani. Tuliishuti siku za Jumatatu kwa kamera ya bosi, maana Jumatatu hakuna harusi. Hakuna aliyelipwa. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba tukitoka, tunatoka wote. Tulipoiweka YouTube watu wakaandika kwamba kwa mara ya kwanza wameona Mwanza yao ilivyo, na mama aliita wenzake wa Mwaloni wakaiangalia kwenye simu wakalia.

Hapo tukapata moyo wa kutengeneza filamu ndefu. Ni hadithi ya binti anayetaka kumiliki mtumbwi wake mwenyewe wa kuvulia dagaa, na ukoo wote unamwona amechanganyikiwa. Skripti nimeandika mimi, ingawa mwenzangu anayeshika maiki ndiye aliyenipa kisa cha mjomba wake kilichoanzisha yote. Tumeshashuti karibu nusu. Hela zikaisha. Sasa dada anayeigiza mhusika mkuu ni mjamzito, miezi minne, na tukisubiri sana tumbo litaonekana.

Mama alinikuta nalia chumbani, akaniambia, "Nitakukopea kikoba milioni tatu, umalize kazi yako." Hakuna aliyemwomba. Nilifurahi, halafu usiku sikulala.

Wiki iliyofuata akanipigia mtayarishaji mmoja wa Dar es Salaam aliyeiona ile filamu fupi. Anataka kununua hadithi ya filamu ndefu pamoja na picha zote tulizokwishashuti kwa milioni mbili na nusu, haki zote ziwe zake. Filamu ataianza upya na msanii mwenye jina, na hadithi ataihamishia Feri, soko la samaki la Dar, ili kuokoa gharama. Mimi atanichukua kama msaidizi wa mwongozaji kwenye tamthilia yake kwa miezi sita, mshahara laki nne kwa mwezi. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wenzangu nilipowaambia, mmoja alisema nikiuza nimewauza na wao. Mwingine akaninong'oneza nichukue, nafasi hairudi. Mimi nimesoma habari za Robert Rodriguez aliyetengeneza filamu ya kwanza kwa dola 7,000, nyingine akizipata kwa kujitolea kwenye majaribio ya dawa, na filamu ikanunuliwa na kampuni ya filamu ya Columbia ya Hollywood. Nimesoma na za mtengeneza filamu Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyekuwa anafyatua matofali. Hao hawakuuza hadithi zao, walijilipua. Naona mtu asiyesoma kama mimi mlango wake ni filamu ya kwanza, na nikiikosa hii basi. Lakini ni hela ya mama, Shangazi. Nifanyeje?

Binti wa Mwaloni

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikairudia kesho yake, kwa sababu ndani yake kuna watu wengi wanaokupenda na kila mmoja anakuvuta upande wake. Mama anakupa mtaji wake. Wenzako wamekupa muda wao. Mgeni wa Dar anakupa kazi. Wewe katikati umebeba hadithi ambayo hutaki ife. Nimekuelewa hivi: unaogopa kwamba ukikataa ofa utajuta, ukiikubali utawasaliti wenzako, na ukichukua mkopo unaweza kumwangusha mama. Na juu ya hayo yote kuna tumbo la dada yule, ambalo halisubiri mtu.

Naomba tuanze na hao uliowasoma, maana naona ndio wanaokuharakisha kuliko hata huyo mtayarishaji.

Ni kweli Rodriguez alitengeneza El Mariachi kwa takriban dola 7,000, na ni kweli alijitolea kwenye utafiti wa dawa huko Texas kupata sehemu ya hela hizo. Lakini tazama na yaliyobaki pembeni. Alikuwa amechezea kamera ya video tangu utotoni, akiwashuti ndugu zake, na kabla ya filamu hiyo alikuwa na filamu fupi iliyokwishashinda kwenye matamasha. El Mariachi yenyewe hakuitengeneza iwe mlango wa Hollywood. Aliikusudia soko la video la watu wanaozungumza Kihispania, aiuze, apate hela na mazoezi ya kutengeneza nyingine. Columbia walipoinunua walitumia fedha nyingi zaidi ya zile dola 7,000 kuiandaa iweze kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, na tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, ikaja 1993. Halafu kuna hili ambalo nakuomba ulikae nalo: alichokiweka rehani ni mwili wake mwenyewe.

Nabwana Isaac naye aliilisha familia kwa matofali huku anapiga picha. Filamu yake iliyojulikana duniani, Who Killed Captain Alex?, ya 2010, ilifika mbali kwa njia ambazo hakuzipanga, kupitia trela watu waliyopelekeana kwenye intaneti. Waigizaji wake walikuwa majirani waliojitolea, na DVD walizitembeza wenyewe nyumba kwa nyumba. Kuna jambo la kusikitisha pia: nakala halisi ya filamu hiyo haipo tena, kwa sababu kompyuta ilijaa akalazimika kuifuta apate nafasi ya kazi nyingine. Hapo nakuuliza, picha zenu ziko wapi? Kama ziko kwenye kompyuta ya studio peke yake, basi kesho asubuhi, kabla hujaamua lolote, nunua diski ya nje, nakili kila kitu, na nakala ya pili mpe mwenzako akae nayo nyumba nyingine.

Nikiwatazama watu hao wawili sioni mtu aliyeokolewa na filamu moja. Naona watu waliokuwa tayari wanafanya kazi hiyo kila siku, na bahati ikawakuta kazini. Ndiyo maana kauli yako ya mwishoni, kwamba ukiikosa hii basi, imeniuma. Wewe una miaka 27. Filamu fupi umemaliza, na watu wa Mwaloni waliiona wakajitambua. Ukianzia tu kwenye misiba uliyoshuti, umejifunza kitu ambacho wengi hutafuta darasani kwa ada: kumkamata mtu usoni kwa dakika ambayo hairudiwi, bila kumvunjia heshima. Sijui kwa nini unajiita mtu asiyesoma. Bosi aliyekukabidhi kamera alikuwa mwalimu.

Sasa hela ya mama.

Mama hakuombwa, alijitolea, na ukimkatalia haraka unaweza kumuumiza kwa namna nyingine. Ila kikoba unakifahamu. Mkopo una riba, una wadhamini, na marejesho huanza kabla hata hamjamaliza kuhariri. Biashara yake mwenyewe ina siku zake. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika na Mwaloni panapooza, lakini siku ya kikoba haiahirishwi kwa sababu ya mwezi. Akikwama, wanaobanwa ni wanawake wenzake waliomdhamini, hao hao waliolia kwenye simu. Na filamu haileti hela kwa haraka hiyo. Matamasha mengi yanatoa jina na marafiki, hayatoi malipo ya kuonyeshwa. Chaneli kama Sinema Zetu ya Azam zinahitaji kazi iliyokamilika. Kabla ya kuonyeshwa kwa umma filamu inatakiwa ihakikiwe na kupewa daraja na Bodi ya Filamu, na hata kushuti kwenyewe kuna kibali chake. Hukukitaja kwenye barua, kwa hiyo mwone Afisa Utamaduni wa wilaya yako mapema.

Kwa hiyo kaa na mama mchana, siyo usiku ukiwa na machozi. Muulize ni kiasi gani anaweza kukitoa kisirudi kabisa, na mtaji wake usitikisike. Pengine atasema laki mbili. Pengine atasema hana, na atafarijika kwamba umeuliza. Pengine atashikilia milioni tatu kwa sababu anajua mambo ya kikoba chake ambayo mimi siyajui, na yeye ni mtu mzima mwenye haki ya kuamua juu ya jasho lake. Ongea naye pia juu ya vitu ambavyo siyo hela. Huyo mama anawafahamu wenye mitumbwi, anafahamu wapishi, anajua nani atakubali mwalo wake utumike asubuhi. Bajeti ya milioni tatu uliyonayo kichwani, nina hakika sehemu yake kubwa ni mtumbwi, mafuta, chakula na nauli. Ikiandikwa mstari kwa mstari mbele yake, huenda ikapungua.

Na ukiiandika, angalia kama lazima mmalize yote kwa mpigo. Kinachowakimbiza ni mhusika mkuu. Je, matukio yake peke yake, yale ambayo lazima aonekane mwili mzima, ni mangapi? Mnaweza kuyashuti hayo kwanza kwa hela kidogo, na yaliyobaki, ya ukoo, ya soko, ya ziwa, yakasubiri? Mwongozaji Christopher Nolan, ambaye hakusoma chuo cha filamu, aliishuti filamu yake Following iliyotoka 1998 Jumamosi kwa Jumamosi kwa muda wa karibu mwaka mzima, kwa sababu marafiki zake wote walikuwa na ajira. Walifanya mazoezi sana kabla, ili mkanda wa kamera usipotee kwa kurudiarudia. Nyinyi mna Jumatatu zenu. Hatari ya njia hii ni kwamba moto hupoa. Watu wanahama, wanaolewa, wanapata kazi Geita, na filamu nyingi zilizobaki nusu zimefia hapo. Unaweza pia kuufanya ujauzito uingie kwenye hadithi, binti anayedai mtumbwi huku amebeba mtoto. Hilo utaliamua wewe kama mtunzi, pamoja naye. Nisingependa ulifanye kwa sababu tu ya bajeti.

Nije kwa bwana wa Dar. Wenzako wamekwishamgawa, kwa mmoja ni mwizi na kwa mwingine ni mkombozi, na wewe unayumba katikati. Mimi namwona mfanyabiashara aliyeona kitu kizuri akataja bei ya kuanzia. Ameweka mezani vitu viwili akavifunga pamoja, ununuzi wa hadithi na ajira. Jaribu kuvifungua. Mwambie, kwa heshima, kwamba kazi ya usaidizi unaitamani na ungependa kuizungumzia peke yake. Akikubali, umepata shule yenye mshahara: utaona ratiba inavyopangwa, mtu wa sauti anavyofanya kazi ambayo nyinyi mlibahatisha, mwongozaji anavyozungumza na muigizaji aliyechoka. Kwa mtu aliyejifunza kwa kuangalia video hilo ni jambo kubwa, maana video haikuonyeshi watu wakingojea mvua ikatike huku jenereta linakula mafuta. Akikataa, akasema hakuna hadithi hakuna kazi, nawe utakuwa umejua alichokuwa anakitafuta. Laki nne Dar nayo uipigie hesabu vizuri kabla hujapanda basi; kodi, nauli na chakula vitaimeza, na nyumbani hutapeleka kitu.

Kuhusu hadithi yenyewe, "haki zote" ni maneno mazito. Maana yake ni kwamba kesho akitaka kuifanya tamthilia, kuitafsiri, kuiuza nje, wewe hutaulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoiandika kazi, lakini ulinzi huo hausaidii sana kwa mtu aliyesaini karatasi bila kusoma. Isajili skripti COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla mazungumzo hayajaendelea, upate pa kushika. Kisha uliza maswali. Anaweza kulipa kidogo ili kuishikilia hadithi kwa mwaka mmoja, na asipoitengeneza ikurudie? Jina lako litaandikwa wapi na kwa ukubwa gani? Ukiuza skripti, picha mlizoshuti zinaweza kubaki zenu? Na kuihamishia Feri, unaweza kuishi na hilo? Wapo waandishi wanaouza hadithi, wanafunga mlango, wanaandika nyingine, wanalala vizuri. Wapo wanaokonda. Wewe unajijua uko upande gani, na hakuna aibu upande wowote.

Tatizo moja tu: sina hakika kama picha hizo ni zako kuziuza. Nalisema hili taratibu. Kwenye barua kuna mahali umeandika "filamu yangu" na mahali umeandika "tumeshashuti", na yote mawili yana ukweli. Skripti ni yako. Kisa kilitoka kwa mjomba wa mwenzako. Sura ni za waigizaji ambao hawakulipwa, kamera ni ya bosi, na sijui kama bosi anajua kwamba kuna mtu anataka kununua kilichopigwa na kamera yake. "Tukitoka tunatoka wote" ni ahadi nzuri ya vijana waliopendana, lakini haisemi milioni mbili na nusu inagawanywaje, wala haisemi inakuwaje mmoja akipata kazi Dar. Ule ukali wa rafiki yako huenda unatoka hapo. Amejitolea Jumatatu zote hizo na hajui kama ana chochote mkononi.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayoichukua, waite wenzako wote watano, na bosi umwendee kivyake. Andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: nani alifanya nini, ikiuzwa kila mmoja anapata asilimia ngapi, mtu akijitoa inakuwaje, na nani ana kauli ya mwisho kuhusu hadithi. Sainini, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri kama mnaona inafaa. Kikao hicho kitakuwa kigumu. Pengine mtagombana. Nadhani ni afadhali mgombane sasa, kabla hela haijaingia, kuliko baada ya filamu kuonyeshwa mbele ya watu.

Na msiisahau filamu fupi. Imekwishakamilika na tayari imekuletea simu kutoka Dar. Tamasha la filamu la Nchi za Jahazi (ZIFF) limekuwa likifanyika Zanzibar tangu 1998, watu wanaangalia filamu wazi pale Ngome Kongwe, na filamu fupi zina nafasi yake. Soma masharti, maana baadhi ya matamasha hayapokei kilichokwishawekwa YouTube. Ukifika hata kama mtazamaji tu, utakutana na watu wa Nairobi, Kampala na Dar wanaohangaika na mambo haya haya, na huyo bwana wa Dar hatakuwa tena mtu pekee unayemjua kwenye biashara hii.

Mwisho wa mwezi ni tarehe yake yeye. Unaweza kumwandikia leo kwamba umefurahi, unahitaji kuzungumza na wenzako na mtu wa sheria, na utamjibu katikati ya mwezi ujao. Anayeitaka hadithi kwa dhati huvumilia wiki mbili. Anaweza pia kukasirika na kuondoka, hilo silifichi, na utakuwa umepoteza kitu halisi.

Anza na mama, kisha wenzako, kisha simu ya Dar. Niandikie tena utakapokuwa umekaa nao. Na huyo dada mjamzito msalimie sana. Muulize yeye mwenyewe anaona anaweza kusimama mchangani juani mpaka mwezi gani, maana ratiba yenu itapangwa kuanzia hapo.

Shangazi